Kufuga Mbuna wa Ziwa Nyasa Nyumbani

Mbuna ni samaki wadogo wa jamii ya sikilidi wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, linalopakana na Tanzania, Malawi na Msumbiji. Rangi zao za manjano, buluu na chungwa zimewafanya wapendwe na wafugaji wa samaki wa mapambo katika nchi nyingi.

Tangi la kioo la lita 200 au zaidi huwafaa. Mawe hupangwa kwenye sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa, kwa sababu mbuna hupenda kuchimba, na jiwe lililokalia mchanga laweza kuporomoka na kupasua kioo. Maji yawe na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi na pH ya 7.8 hadi 8.6, ambayo mawe ya chokaa husaidia kuidumisha. Kichujio huwashwa wiki kadhaa mapema, na chakula kidogo hutiwa majini kioze na kutoa amonia, ili bakteria wanaoivunja wazaliane kabla samaki hawajaingizwa.

Madume hugombea maeneo, hivyo kila dume huwekewa majike matatu au zaidi. Jike huatamia mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu, na kwa kawaida hali kitu muda huo.

Mbuna wengi hula mwani unaoota maweni, hivyo nyama nyingi huweza kuwavimbisha tumbo. Kila wiki robo ya maji hubadilishwa, na maji ya bomba huondolewa klorini kwanza.