Kihisi, Kidhibiti na Kitendaji: Istilahi za Udhibiti wa Injini kwa Elektroniki

Mafundi wengi wa magari husema "sensa", neno ambalo tayari lina maana ya kuhesabu watu. Makala haya yanapendekeza "kihisi", kutokana na kitenzi hisi. Kihisi hupima, kidhibiti, yaani kompyuta ya injini, huamua, kitendaji, kama vile nozeli ya petroli, hutekeleza. Mgawanyo huu si wa kinadharia tu. Msimbo wa hitilafu unaotaja kihisi oksijeni huonyesha kilichotoa taarifa, si lazima kilichoharibika: ufa katika bomba la ekzosi unaweza kuingiza hewa na kupotosha kipimo. Fundi asiyetofautisha dhima hizi hubadilisha kifaa kisicho na kasoro, na mwenye gari hulipa bure.