Mdai, Mdaiwa na Mshtakiwa: Istilahi za Sheria ya Kiingereza Darasani Kwetu

Mwanafunzi anayetoka sekta ya Kanama, wilayani Rubavu, hakianzi Kiswahili darasani. Soko la Mahoko liko kwao, na Gisenyi na mpaka wa Goma haviko mbali. Kupatana bei ya viazi kwa Kiswahili si kazi. Kazi huja pale viazi vikishachukuliwa kwa mkopo na fedha zisilipwe. Hapo huhitajika maneno ya mahakamani, na mengi ya maneno hayo yamekomazwa Tanzania na Kenya, nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Sheria za Rwanda zilijengwa juu ya msingi wa Kibelgiji, ingawa baadaye zimechukua mambo kadhaa ya Kiingereza. Tangu Rwanda ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kifanywe lugha rasmi nchini mwaka 2017, haja ya kuzielewa istilahi hizi imekua. Tueleze nne kati yake.

"Plaintiff". Asili ya neno hili ni Kifaransa cha kale, na maana yake ni mtu anayelalamika. Ndiyo maana wengine hulitafsiri "mlalamikaji". Hata hivyo, mahakama za Tanzania humwita mtu huyu "mdai", na "mlalamikaji" hutumika zaidi kwa mtu aliyetendewa kosa la jinai. Mahakama za madai za Uingereza zenyewe ziliacha neno hilo la zamani mwaka 1999, zikachukua lenye maana ya anayedai.

"Defendant". Maana ya asili ni anayejitetea. Uingereza humwita hivyo mtu anayedaiwa deni, na pia anayeshtakiwa kwa wizi. Kiswahili cha mahakama hutenganisha: wa deni ni "mdaiwa", wa jinai ni "mshtakiwa". Aliyeshukiwa tu, kabla ya kufikishwa mahakamani, ni "mtuhumiwa". Mwanafunzi wetu ana sababu ya kukosea hapa, kwa kuwa Kinyarwanda kina kitenzi "kurega" kwa mambo yote mawili, na "uregwa" anaweza kuwa wa deni au wa jinai. Akiandika kwamba mnunuzi wa viazi ni "mshtakiwa", amemtia mtu katika jinai kwa sababu ya deni. Katika mtihani atapoteza alama moja. Katika tafsiri ya mahakamani, mwenzake atapoteza heshima yake.

"Affidavit". Hiki ni kitenzi cha Kilatini kilichogeuka nomino. Maana yake ni "ameapa", nafsi ya tatu umoja, wakati timilifu. Kiswahili husema "hati ya kiapo". Tusikubali "barua ya kiapo". Barua humwendea mtu, lakini hati hii ni ushahidi ulioandikwa na kuapiwa mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha. Aliyeapa uongo ndani yake anaweza kushtakiwa.

"Bail". Mzizi wake ni kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kukabidhi: mtuhumiwa alikabidhiwa kwa watu walioahidi kumrudisha siku ya kesi. Kiswahili kina "dhamana", na anayeahidi ni "mdhamini". Neno hili lina kazi nyingi. Tunasema "waziri mwenye dhamana ya elimu", tunasema "shamba ni dhamana ya mkopo", na tunasema "ameachiwa kwa dhamana". Wazo linalounganisha matumizi hayo matatu ni kubeba jukumu juu ya kitu au mtu. Mwalimu asipolieleza wazo hilo, mwanafunzi hudhani dhamana ni faini, na kwamba aliyeitoa amemaliza kesi. Kesi bado ipo. Mshtakiwa asipotokea, mdhamini ndiye atakayeulizwa.

Tunawashauri walimu wasitoe istilahi hizi kama orodha ya kukariri. Wawape wanafunzi kisa kimoja, kwa mfano deni la magunia kumi ya viazi, kisha waulize: nani anadai, nani anadaiwa, hati gani inahitajika, na ni lini jambo hili lingekuwa jinai? Kisa kile kile kisimuliwe kwa Kinyarwanda kwanza, ili tofauti zionekane.

Tusisahau kwamba lugha zetu zina hazina yake. Kinyarwanda huwaita wapatanishi wa vijijini "abunzi", kutokana na kitenzi "kunga", ndugu wa "kuunga" cha Kiswahili. Neno hilo halihitaji Kilatini wala Kifaransa ili mtu wa Kanama alielewe. Tunapotafsiri istilahi za wengine, tulenge kueleweka kama linavyoeleweka hilo.