Mdundo wamsaidia mgonjwa wa kiharusi kutembea tena

Na Mwandishi Wetu, Jambiani

KATIKA kijiji cha Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, mdundo wa magongo ya wanawake wanaopiga makumbi ili kupata usumba ni sauti ya kazi. Katika tiba ya viungo, mdundo wa namna hiyo hutumika pia kumfundisha upya mgonjwa wa kiharusi kutembea.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama mshipa unapopasuka ndani yake. Wengi wanaonusurika hudhoofika upande mmoja. Hatua zao hazilingani, na huanguka kwa urahisi.

Sehemu za ubongo zinazohusika na kusikia zina mawasiliano ya karibu na zile zinazoongoza mwendo. Sikio likizoea mapigo yanayolingana, ubongo hulitarajia pigo linalofuata, na mguu hupata wakati maalumu wa kukanyaga.

Mtaalamu huanza kwa kuhesabu hatua za mgonjwa kwa dakika moja. Zikiwa 60, mapigo nayo huwa 60. Mwendo ukitengemaa, huongezwa kidogo, tuseme hadi 63. Hatimaye mapigo huondolewa, ili kuona iwapo mguu umejifunza.

Mwaka 2007, Michael Thaut na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 78 wa Ujerumani na Marekani. Baada ya wiki tatu, waliotumia mdundo walitembea kwa kasi na hatua ndefu kuliko waliopewa mazoezi mengine. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2017 yalieleza kuwa mbinu hiyo yaweza kunufaisha mwendo, ingawa tafiti bora zaidi zahitajika.

Kwetu suala hili si dogo. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulibaini kuwa, umri ukizingatiwa, kiharusi jijini Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha wilaya ya Hai, Kilimanjaro.

Kwa familia ya Jambiani, kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini kila mara ni nauli na uchovu. Mdundo hauhitaji mashine ghali. Makofi, dufu au simu ya mkononi vyatosha kuendeleza mazoezi nyumbani.

Hata hivyo, mgonjwa apimwe kwanza na mtaalamu, na anapotembea awepo mtu wa kumshika upande uliodhoofika. Dawa za shinikizo la damu zisiachwe, kwani mdundo hurekebisha mwendo tu. Hauzuii kiharusi cha pili.