Kabla ya Kuagiza Spea Mombasa

Mji wa Lamu haukujengewa magari. Vichochoro vyake, ambavyo UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vinapitisha punda, mikokoteni na siku hizi bodaboda, lakini gari lako utaliacha bara, Mokowe, uvuke kwa boti. Anayetaka kujua magari ya Lamu yanaumwa nini basi aanzie Mokowe. Hapo ndipo mabasi ya Mombasa yanapoishia, ndipo pikapu zinapopakia samaki wa barafu, na ndipo magari yanaposhinda juani yakipigwa na upepo wa bahari. Taa ya injini ikiwaka, mambo huenda kwa mkondo uleule: mashine ya kusomea hitilafu inachomekwa, inataja kifaa fulani, na kifaa hicho kinaagizwa siku hiyohiyo. Nadhani utaratibu huo umegeuzwa miguu juu. Pwani ya chumvi kama hii, kifaa kilichotajwa na mashine kinapaswa kuwa mshukiwa wa mwisho, na wa kwanza uwe njia ya umeme inayokifikia.

Gari la zamani lilikuwa na kebo ya chuma kutoka pedeli ya mafuta hadi kwenye injini. Ukikanyaga, kebo inavuta. Gari la leo lina kompyuta inayoamuru na vifaa vidogo vinavyotii: mota inayofungua kilango cha hewa, valvu ya solenoidi inayopitisha oili ili kubadilisha majira ya kamshafti, injekta, mota inayosogeza mapezi ya turbo. Tuviite vitendaji, kwa kuwa kazi yao ni kupokea umeme na kutoa mwendo. Na kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, hata mtumba unaoonekana wa kawaida kabisa unashuka melini Kilindini ukiwa na vitendaji hivyo tele. Sasa, kompyuta inayoviamuru haina macho. Haioni valvu wala mota. Inachokijua ni umeme unaotoka na kurudi kwenye pini zake yenyewe, na hapo ndipo inapokisia kilichotokea huko mbele.

Chukua nambari P2118 kwenye Toyota zenye kilango cha hewa cha mota. Mashine itaandika kwamba mkondo wa mota ya kilango hauko sawa, na mwenye gari atasikia neno moja tu: mota. Lakini maelekezo ya ufundi ya Toyota yanampeleka fundi kwanza kwenye umeme unaoilisha saketi hiyo, yaani fyuzi yake na waya unaotoka betri hadi kwenye kompyuta. Mota inaweza kuwa nzima kabisa. Au chukua P0010 na P0011, ambazo watu huzichanganya kwa kuwa zote zinahusu kamshafti na valvu ileile ya oili. Ya kwanza ni ya umeme: kompyuta imeona saketi ya valvu ina kasoro. Ya pili inasema majira yamekwenda mbele kupita yalivyoamriwa, na mara nyingi hapo utazungumzia oili chafu, oili isiyofaa au valvu iliyokwama kwa uchafu. Anayebadilisha valvu kwa nambari yoyote kati ya hizo mbili, bila kupima, anacheza kamari kwa pesa za mteja.

Chumvi inaingiaje? Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, hunyonya maji hadi ikayeyuka yenyewe, na usiku wa pwani unyevu wa namna hiyo si ajabu. Kwa hiyo hata gari ambalo halijawahi kuguswa na wimbi, likitulia na vumbi la chumvi ndani ya soketi, kila usiku linapata maji ya chumvi yaliyojitengeneza hapohapo. Pikapu za samaki zina balaa la ziada, maana barafu ikiyeyuka, maji yake huchuruzika kwenye chesisi na juu ya waya zinazokwenda nyuma. Kisha gari linapelekwa kuoshwa injini kwa maji ya presha, na kilichobaki nje ya soketi kinasukumwa ndani. Ukichomoa soketi ya namna hiyo utaona unga wa kijani kwenye pini. Ukiuchuna waya wenyewe, shaba iliyotakiwa kung'aa imekuwa nyeusi, na weusi huo unaweza kupanda ndani ya plastiki mbali na pale palipoonekana pameharibika. Waya unaotengenezewa vyombo vya baharini hupakwa bati kuzuia hilo. Waya wa gari lililokusudiwa barabara za Japani kwa kawaida haukupakwa.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazuri. Valvu ya oili ya Toyota nyingi ina ukinzani wa kati ya omu 6.9 na 7.9 kwenye nyuzi 20. Tuseme 7.4. Ukiipa volti 12, itavuta ampea 1.6 hivi, na kwa nguvu hiyo inasogea. Sasa kutu ya kwenye pini iongeze omu 5 tu. Mkondo unashuka hadi chini ya ampea 1, na katika zile volti 12 valvu inabaki na 7 na kidogo. Nyingine zimepotelea kwenye kutu. Haisogei vizuri, na kompyuta inalalamika. Fundi anaichomoa soketi, anaweka mita kwenye pini zinazoleta umeme, na mita inasoma volti 12 kamili. Anahitimisha kwamba umeme upo, kwa hiyo valvu imekufa. Amekosea, na mita haikumdanganya: mita yenyewe ina ukinzani wa omu milioni kadhaa, haivuti mkondo wowote wa maana, hivyo omu 5 za kutu kwake si kitu. Volti zilizopimwa bila mzigo hazithibitishi chochote kuhusu njia ya umeme.

Kipimo chenye haki ni kile kinachofanywa kazi ikiendelea. Soketi ikiwa imechomekwa na kitendaji kikiwa kimeamriwa, ncha moja ya mita iwekwe mwanzo wa waya na nyingine mwisho wa waya huohuo. Waya mzima utaonyesha sehemu ndogo sana ya volti. Ukiona volti moja au mbili, zimeibwa humo njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa ardhi, kati ya bodi ya gari na betri, kwa sababu boliti ya ardhi yenye kutu husumbua vitendaji vingi kwa mpigo na kufanya gari lionekane limerogwa. Ncha za mita ziingizwe kwa nyuma ya soketi. Kuudunga waya kwa sindano ni desturi mbaya popote, na Lamu ni mbaya zaidi, kwani kila tundu ni mlango mpya wa chumvi.

Wapo watakaosema haya ni ya vitabuni: mwenye matatu anapoteza mapato kila saa, kwa hiyo kubadilisha spea ni haraka. Ingekuwa haraka kama duka la spea lingekuwa jirani. Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mokowe, na kifaa kikikosekana huko kinatafutwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara pale Lango la Simba, hata chakula kilichelewa, sembuse valvu. Isitoshe, maduka mengi hayarudishi spea ya umeme ikishafungwa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mara nyingi spea mpya inaponya kweli, na taa inazima. Ni kweli, ila tazama kilichofanyika. Ili kufunga kifaa kipya, soketi imechomolewa na kuchomekwa tena, pini zikasuguana, kutu ikakwanguka. Gari litakwenda vizuri majuma kadhaa, kisha taa inarudi, na safari hii wa kulaumiwa ni muuza spea feki. Anayetaka kujua ukweli arudishe kifaa cha zamani baada ya kusafisha soketi, aone kama hitilafu itajitokeza.

Sisemi vitendaji haviharibiki. Gia za plastiki husagika, koili hukatika, masizi hukwamisha kilango, na si kila gari la Mpeketoni, mbali kidogo na ufuo, linaweza kusingizia bahari. Ndiyo maana kitendaji nacho kina haki ya kupimwa peke yake. Valvu ile ya oili ukiipa umeme wa betri moja kwa moja kwa muda mfupi, injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, injini nzima itayumba au kuzima. Isipotikisika, na oili ni safi, basi hapo ndipo pa kuanza kutafuta nauli ya spea.

Gharama pia si kisingizio. Balbu ya indiketa ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, sawa na valvu tuliyoihesabu. Ukiichomoa kompyuta na kuiunga balbu hiyo kati ya waya unaoilisha umeme na ardhi nzuri, mwanga hafifu utakuonyesha njia mbovu ambayo mita ya bei kubwa imeipitisha. Matengenezo yenyewe ni kukata waya hadi kwenye shaba inayong'aa, kubadilisha pini, kupaka girisi ya umeme na kuziba vizuri. Kwa hiyo fundi akikwambia kifaa kimekufa, usitume pesa Mombasa kwanza. Mwombe akuonyeshe volti zinazokifikia kikiwa kazini, na kama hana jibu, tafuta mwingine.