Mama wa Muse ni Kumbukumbu

Umewahi kukaa mbele ya karatasi ya insha, kalamu mkononi, na neno lisije? Wagiriki wa kale walisema maneno huletwa na Muse, mabinti tisa wa Zeus. Mkubwa wao ni Calliope, mlezi wa tenzi za mashujaa. Mama yao ni Mnemosyne, yaani Kumbukumbu.

Mwaka 1990, Neil Gaiman alimrudisha Calliope katika hadithi za picha za The Sandman. Mwandishi aliyeishiwa na mawazo anamfungia nyumbani, anamnyang'anya hadithi kwa nguvu na kupata sifa. Mwisho anaadhibiwa: mawazo yanammiminikia mpaka anarukwa na akili.

Huku kwetu Embu hakuna haja ya kumfungia mtu. Cucu wangu hunisimulia bure habari za Mwenendega, babu wa Waembu, na mke aliyempata Mbui Njeru. Lakini siku hizi anasahau. Juzi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kumbukumbu ikienda, Muse watazaliwa na nani? Mimi nimeshanunua daftari. Je, wewe?