Upepo haulipiwi, jamani!

UKITAJA klabu ya mashua mbele za watu, utawaona wanatabasamu. Wanajua unazungumzia Wazungu wenye miwani ya jua na bia baridi mkononi. Mlalahoi atakwambia hayo ni mambo ya wenye nazo. Msomaji wangu, wiki hii naomba tubishane kidogo, maana mwenzio nina mwaka wa tatu klabuni na hata baiskeli sina, sembuse mashua!

Klabu za namna hiyo zipo Dar es Salaam kule Msasani, Tanga pale Raskazone, na kwa jirani zetu wa Mombasa. Ada ipo, siwadanganyi, kwa hiyo iulizie kwanza. Ila chombo si lazima uwe nacho. Wenye mashua kila mara wanatafuta mtu wa kushika demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga. Ukiwahi kufika na usilalamike ukilowa, nafasi hukosi.

Halafu kuna utamu wa lugha. Mlingoti, usukani, omo kwa mbele, tezi kwa nyuma: vyote vina majina yetu ya zamani. Chombo cha tanga hakiwezi kuuendea upepo uso kwa uso, hivyo unapiga bisha, yaani unakwenda kwa kona kona, kulia kisha kushoto, mpaka unafika. Wavuvi wa ngalawa wanayajua hayo tangu utotoni. Siku moja mzee mmoja alitupita tukihangaika, akapaza sauti: "Wanangu, legezeni demani, mnaukaba upepo!" Tukalegeza. Chombo kikaondoka kama mtu aliyemwona mdai wake.

Sasa niwaambie la moyoni, na hili si la kucheka. Mimi kwetu ni kando ya Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, mamia ya watu wakapotea. Nilikuwa shule ya msingi. Tangu siku ile, nyumbani kwetu maji yakawa mwiko. Mtoto akionekana ufukweni, fimbo. Nikawa mtu mzima, mzaliwa wa ziwani, na kuogelea sijui!

Klabuni kwetu somo la kwanza ni hilo la kuogelea. La pili, shikeni viti vyenu, ni kupindua chombo kwa makusudi! Kuna kidau cha mtu mmoja kinaitwa Laser, urefu wake mita 4.23. Kikilala, usikiache ukakimbilia pwani. Kinaelea, na watu wa boti ya uokoaji wanakiona upesi kuliko kichwa chako. Unazunguka upande wa pili, unapanda juu ya ule ubao unaochomoza tumboni mwake, unaegemea nyuma kwa uzito wako wote. Tanga linatoka majini taratibu, chombo kinasimama. Mara ya kwanza nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mara ya tano nilijikuta nacheka peke yangu baharini. Kidau si meli, najua, na ujuzi huu haumrudishi aliyekwenda. Lakini ule mzigo wa tangu utotoni ulipungua siku ile.

Binti yangu ana miaka tisa. Watoto wana kidau chao, Optimist, mita 2.3 tu, kama beseni lenye tanga. Mama watoto aligoma wiki nzima: "Baba, unataka nimzike mwanangu?" Nikamwomba aje aone mwenyewe. Akaja, akakaa kwenye mchanga na kanga mdomoni. Binti akapinduka, akakisimamisha chombo, akampungia mama yake mkono. Mama kimya. Jumamosi iliyofuata akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi na sisi wakina mama wanatufundisha kuogelea?"

Raha nyingine ni kwamba upepo haujui cheo. Meneja na karani wanavuta kamba moja, na meneja akikosea, karani anamfokea! Injini hakuna, unasikia maji tu yakipiga ubavuni. Ukirudi pwani, chai na chapati utazila kama umetoka kulima.

Ukitaka kujaribu, anza asubuhi upepo ukiwa mpole. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Kusi la katikati ya mwaka lina ubabe, waachie wazoefu. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: majaketi ya kuokolea maisha yapo ya kutosha, hata saizi ya watoto? Na boti ya uokoaji huwa inakuwa majini wakati wa mafunzo? Wakijikanyaga katika kujibu, wewe aga uondoke. Wakijibu vizuri, vua viatu, bwana, bahari ni yetu sote.