Foraminifera na Umri wa Miamba ya Bahari

Miamba inayoizunguka kata ya Makanyagio, mjini Mpanda, ni mikongwe mno. Mingi ni ya Ukanda wa Ubende, ulioumbika yapata miaka milioni 2,000 iliyopita, na mwanafunzi akiipasua hataona humo gamba wala mfupa. Lakini mwenzake wa Kilwa akichukua konzi ya udongo mfinyanzi uliotulia zamani chini ya bahari, huenda akawa ameshika mamia ya visukuku pasipo kujua. Hivyo ni visukuku vya foraminifera.

Foraminifera ni kiumbe wa seli moja aishiye baharini, ajijengeaye gamba, aghalabu la chokaa. Wengi hawafikii milimita moja. Afapo, gamba huzama na kufukiwa na tope. Kila spishi ilizuka kwa wakati wake, ikaenea, kisha ikatoweka isirudi tena. Basi mtaalamu huloweka udongo, huuchekecha, huyatazama magamba kwa hadubini, na kujiuliza: ni lini spishi hizi zote ziliishi pamoja?

Kuanzia mwaka 2002 wanajiolojia wa Tanzania na wa nchi za nje walichoronga visima katika pwani ya Kilwa na Lindi. Udongo wa huko ulikuwa umeyahifadhi magamba yakabaki maangavu kama kioo. Humo walimwona Hantkenina, mwenye gamba la miiba, akikoma kuonekana. Kutoweka kwa jamii yake ndiko kunakotambulisha, duniani kote, mwisho wa kipindi cha Eosini, miaka milioni 34 hivi iliyopita.

Hata hivyo, magamba huonyesha mfuatano tu, yaani nani alitangulia na nani alifuata. Idadi ya miaka hutokana na vipimo vingine, mathalani vya madini yenye mnururisho katika majivu ya volkano. Tena maji huweza kumomonyoa magamba ya kale na kuyazika upya katika tope changa. Mtafutaji wa gesi anayeliamini gamba moja aweza kukosea tabaka na kupoteza mali nyingi. Ndiyo maana huchunguzwa kundi zima.

Makanyagio nako hakukosi saa yake. Miamba ya huko iliwatangulia foraminifera kwa zaidi ya miaka milioni 1,000. Umri wake husomwa katika punje za zirikoni, ambamo urani hugeuka polepole kuwa risasi.